Usingizi wa dawa, maumivu na vipokezi vya ubongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu akitoka chumba cha upasuaji, ndugu waliokuwa wakisubiri nje humuuliza kama alilala, na kama iliuma. Wengi huona ni swali moja lililorudiwa: aliyelala atasikiaje maumivu? Mtaalamu wa usingizi atakwambia ni kazi mbili, na mara nyingi zinataka dawa mbili, kwa sababu kulala na kutosikia maumivu hupitia vipokezi tofauti. Majibu yaliyo hapa yanaeleza jinsi dawa zinavyofanya kazi. Kipimo chako wewe atakipanga anayekuhudumia, akijua uzito wako, umri wako na maradhi uliyonayo.

Kipokezi ni kitu gani?

Ni protini iliyopachikwa kwenye utando wa seli, ikiwa na mahali ambapo kemikali ya aina fulani inaweza kunasa. Seli za neva huwasiliana kwa kumwagiana kemikali hizo. Seli moja inamwaga, jirani yake anazinasa kwa vipokezi vyake, kisha ama anachangamka ama anatulia.

Kwa habari ya dawa za usingizi inafaa kujua makundi mawili. Kundi la kwanza ni vipokezi ambavyo vyenyewe ni matundu: kemikali ikinasa, tundu linafunguka na chembe zenye chaji ya umeme, kama kloridi au kalsiamu, zinapita papo hapo. Humo vimo vipokezi vya GABA na vya NMDA. Vya kundi la pili havina tundu. Vikiguswa, huamsha protini zilizo ndani ya seli, nazo ndizo zinazokwenda kufunga au kufungua matundu mengine. Mwendo wake ni wa taratibu zaidi, na ndiko viliko vipokezi vya mofini na vya noradrenalini.

Ubongo haukuumbwa na kipokezi cha propofoli wala cha ketamini. Dawa hizo hujipenyeza kwenye mitambo iliyokuwa na kazi yake tangu hapo.

Nusu kaputi ni hali moja au mchanganyiko wa hali?

Ni mchanganyiko. Daktari anataka usijitambue, usikumbuke kitu baadaye, usitikisike kisu kinapopita, na mwili wako usipandishe presha na mapigo ya moyo kwa sababu ya jeraha. Mambo haya manne huenda pamoja kiasi kwamba kwa miaka mingi yalidhaniwa kuwa jambo moja lenye viwango.

Mbuzi ndio waliosaidia kuyatenganisha. Mwaka 1993, Joseph Antognini na Kevin Schwartz wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipanga mzunguko wa damu wa mbuzi ili gesi ya isoflureni ifike kichwani peke yake. Kwa kawaida mbuzi hao walitulia bila kurusha miguu wakipata gesi kiasi cha asilimia 1.2. Gesi ilipoelekezwa kwenye ubongo tu, ilibidi ipandishwe hadi asilimia 2.9 ndipo watulie. Mwaka huohuo Ira Rampil alipata jibu la namna hiyo kwa panya waliotolewa sehemu ya mbele ya ubongo: kiwango cha gesi cha kuwatuliza hakikubadilika. Maana yake, kutotikisika kunatokana zaidi na uti wa mgongo. Mgonjwa anayetulia kitandani kama gogo hajathibitisha kwamba fahamu zake zimezimika. Amethibitisha kwamba uti wa mgongo umepata dawa. Nadhani huu ni ugunduzi ambao ungepaswa kujulikana zaidi, hata na wauguzi wa wodini.

GABA ni nini, na kwa nini inatajwa kila mahali?

GABA ndiyo kemikali kuu ya kutuliza katika ubongo. Ikinasa kwenye kipokezi chake, tundu linafunguka, kloridi inaingia, na seli inakuwa ngumu kuchangamshwa. Dawa nyingi za kulaza humalizia kazi yake hapo: propofoli, tiopentali, etomideti, diazepamu, midazolamu, na kwa sehemu kubwa gesi kama isoflureni na sevoflureni.

Lakini haziingii kwa njia moja. Kipokezi hiki kinaundwa na vipande vitano vilivyozunguka tundu, mara nyingi viwili vya alfa, viwili vya beta na kimoja cha gama. Diazepamu na midazolamu hunasa kwenye mpaka wa alfa na gama. Propofoli na etomideti hutegemea beta. Hapo ndipo tofauti zinapoanzia.

Ukitaka mfano wa mjini: diazepamu ni konda wa daladala. Anaita abiria, anahimiza, gari linajaa upesi, lakini dereva asipokuwepo gari haliondoki. Dereva ni GABA yenyewe. Diazepamu huongeza nguvu ya GABA iliyopo. Haiwezi kufungua tundu peke yake. Ndiyo maana mtu aliyemeza diazepamu nyingi bila pombe wala dawa nyingine kwa kawaida hulala fofofo lakini anaendelea kupumua. Tiopentali na propofoli, kipimo kikipanda, hushika usukani wenyewe: hufungua tundu hata kama GABA haipo. Hizo zinaweza kuzima pumzi ndani ya dakika moja, na haifai kupewa mtu mahali pasipo na vifaa vya kumpumulisha.

Utafiti wa panya wenye jeni zilizobadilishwa ndio uliotufundisha mengi. Mwaka 1999 watafiti wa Zürich wakiongozwa na Hanns Möhler na Uwe Rudolph walibadilisha asidi amino moja tu kwenye kipande cha alfa-1. Panya hao walipopewa diazepamu hawakusinzia kama wenzao, ingawa wasiwasi wao ulipungua vilevile. Baadaye ikaonekana kwamba kupungua kwa wasiwasi kunapitia alfa-2. Mwaka 2003 kundi hilo la Zürich likagusa beta-3, tena kwa asidi amino moja, na uwezo wa propofoli na etomideti wa kuzuia panya wasijitikise wanapobanwa ukatoweka. Upande wa kumbukumbu unaegemea zaidi alfa-5, ambayo imejaa kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi matukio. Kwa hiyo kusinzia, kutulia moyo, kusahau na kutotikisika, vyote vinatoka kwa GABA, lakini kila kimoja kina kipande chake.

Kama propofoli inanilaza kabisa, mbona bado naongezewa dawa ya maumivu?

Kwa sababu propofoli inazima anayehisi, haizimi taarifa. Kisu kikipita kwenye ngozi, neva zinabeba habari hadi kwenye uti wa mgongo na kupanda kwenye shina la ubongo, uwe macho au umelala. Presha inapanda, moyo unakimbia, homoni za msukosuko zinamwagika. Wewe hutakumbuka, ila mwili umeshapokea. Zaidi ya hapo, seli za uti wa mgongo zikigongwa kwa muda mrefu bila kinga huwa wepesi wa kushtuka, na maumivu ya siku zinazofuata huwa makali kuliko yalivyopaswa kuwa.

Ukizinduka, propofoli inaondoka ndani ya dakika chache. Kama hukupewa kitu kingine, unaamka na kidonda kibichi bila kinga yoyote. Haitoshi kumlaza mtu.

Ketamini inafanyaje kazi, na kwa nini hospitali zetu nyingi zinaitegemea?

Ketamini haipiti kwenye njia ya GABA. Inakwenda kwenye kipokezi cha NMDA, ambacho ni cha kuchangamsha na kinaamshwa na glutameti. Tundu lake huwa limezibwa na chembe ya magnesiamu seli inapotulia. Seli ikichangamka vya kutosha, magnesiamu inatoka, kalsiamu inaingia. Ketamini inaingia ndani ya tundu hilohilo lililofunguka na kuliziba. Kadiri njia inavyotumika ndivyo dawa inavyopata nafasi ya kuingia, na njia za maumivu yasiyokoma ni miongoni mwa zinazotumika sana. Kwa hiyo kipimo kidogo, kama miligramu 0.1 hadi 0.3 kwa kila kilo ya uzito kupitia mshipa, kinapunguza maumivu na mtu bado anaongea. Kufikia miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, anaondoka kifahamu.

Anaondoka kwa namna ya ajabu. Macho yanaweza kubaki wazi yakichezacheza, misuli ina ukakamavu, anapumua mwenyewe, na mara nyingi presha inapanda badala ya kushuka. Mawimbi ya umeme ya ubongo hayaonyeshi utulivu kama wa propofoli. Ubongo unafanya kazi, ila sehemu zake haziunganishi habari zinazotoka mwilini. Wengine wanazinduka wakisimulia walivyokuwa wakielea hewani, wengine wanazinduka wakipiga kelele. Ndiyo sababu midazolamu kidogo huongezwa: GABA inasaidia kutuliza vurugu ambayo NMDA iliyozibwa imeiacha. Mate nayo huongezeka, hivyo baadhi ya wataalamu hutanguliza atropini.

Dawa hii ilitengenezwa na Calvin Stevens, mshauri wa kampuni ya Parke-Davis, mwaka 1962. Binadamu wa kwanza kuipata, mwaka 1964, walikuwa wafungwa wa gereza la Jackson huko Michigan, chini ya Edward Domino na Guenter Corssen. Wafungwa hawakuwa watu wenye uhuru mkubwa wa kukataa, na historia hiyo isifichwe. Marekani iliidhinisha matumizi yake mwaka 1970 na wanajeshi wakaitumia sana katika vita vya Vietnam.

Kwetu Afrika Mashariki umuhimu wake unaeleweka ukifika hospitali ya wilaya ambayo umeme unakatika na mtungi wa oksijeni ni mmoja. Dawa inayolaza, inayoua maumivu, na inayomwacha mgonjwa akipumua, tena inayoweza kuchomwa kwenye msuli, haina mbadala wa karibu. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2015 China ilipendekeza iwekwe chini ya udhibiti mkali wa kimataifa kwa sababu ya vijana wanaoitumia kama kileo. Wataalamu wa shirika hilo walikataa, wakihofia upasuaji katika nchi maskini. Kwa maoni yangu walifanya sawa: uhalifu wa mijini usingepaswa kulipwa na mama anayetokwa damu kijijini.

Mofini, pethidini na fentanili zinagusa wapi?

Zote tatu hutafuta kipokezi cha opioidi, yaani dawa za jamii ya afyuni, kiitwacho myu. Viko vingine, kapa na delta, lakini kazi kubwa ya hospitali inafanyika kwa myu.

Mwaka 1973 maabara tatu zilithibitisha, karibu kwa pamoja, kwamba ubongo una mahali maalumu pa kunasia dawa zitokanazo na afyuni. Swali likawa: ubongo wa binadamu unataka nini na utomvu wa mpopi? Jibu lilipatikana Aberdeen, Scotland, mwaka 1975, John Hughes na Hans Kosterlitz walipoonyesha kwamba ubongo hutengeneza opioidi zake wenyewe. Mofini inatumia njia ambayo mwili uliijenga kwa ajili ya kujipoza.

Myu ikiguswa, mambo mawili hutokea. Upande wa seli inayomwaga ujumbe wa maumivu, matundu ya kalsiamu yanafungwa na ujumbe haumwagiki. Upande wa seli inayopokea, potasiamu inatoka nje na seli inatulia. Haya hutokea kwenye pembe ya nyuma ya uti wa mgongo, mahali ambapo neva za ngozi na misuli hukabidhi habari. Hutokea pia kwenye ubongo wa kati, ambako mofini inaachia njia zinazoshuka na kuubana uti wa mgongo kutoka juu. Na hutokea kwenye sehemu za mbele zinazohusika na adha ya maumivu. Ndiyo maana utamsikia mgonjwa akisema, "Bado yapo, ila hayanisumbui." Hadanganyi. Taarifa ya mahali panapouma na uchungu wa kuumwa ni vitu vinavyoshughulikiwa sehemu mbalimbali.

Tatizo ni kwamba kipokezi hichohicho kiko kwenye shina la ubongo panapoendeshwa pumzi, na kwenye utumbo. Mwaka 1996 Brigitte Kieffer na wenzake wa Ufaransa walikuza panya wasio na myu kabisa. Mofini haikuwapunguzia maumivu, na pia haikuwapa raha wala kuwafanya wategemezi. Mlango wa faida na wa madhara ni mmoja, jambo lililowavunja moyo waliotarajia kuvitenganisha kirahisi.

Je, mofini inalaza? Inasinzisha, hasa kwa mtu asiyeizoea au aliyekesha kwa maumivu. Lakini si dawa ya kupoteza fahamu inayoaminika. Mtu anaweza kupata fentanili nyingi hadi akaacha kupumua, ukimwambia "vuta pumzi" akavuta.

Kuhusu hofu ya uraibu: mgonjwa wa saratani anayepewa mofini ya maji kwa utaratibu anatibiwa maumivu, hafundishwi ulevi. Uganda ilielewa hili mapema. Hospice Africa Uganda ilianzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, na tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuandika mofini. Bado katika familia nyingi za huku kwetu mtu anaachwa akilia kwa sababu jina la dawa linatisha.

Tramadoli nayo ni ya kundi hilo?

Kwa nusu. Inagusa myu kwa udhaifu, na inazuia serotonini na noradrenalini zisirudishwe haraka kwenye seli, hivyo kuimarisha njia zinazoshuka kuubana uti wa mgongo. Kwa sababu ya serotonini hiyo, usiichanganye ovyo na dawa za sonona, na kwa kipimo kikubwa inaweza kuleta degedege.

Na paracetamol au diclofenac?

Hizo hazinasi kwenye vipokezi tunavyovizungumzia. Zinapunguza utengenezaji wa kemikali za uvimbe na homa. Haziwezi kumlaza mtu, ila zikitolewa pamoja na opioidi, mofini inayohitajika hupungua.

Dawa ya ng'ombe na punda inayoitwa zailazini, ina uhusiano gani na ya ICU?

Uhusiano wa damu. Zailazini ya madaktari wa mifugo, klonidini ya presha na deksmedetomidini ya chumba cha wagonjwa mahututi zote hugusa kipokezi cha noradrenalini kiitwacho alfa-2, ambacho si kile kipande cha alfa-2 cha GABA. Kwenye shina la ubongo kuna fundo dogo la seli liitwalo lokasi seruleasi, ambalo likimwaga noradrenalini ubongo wote huwa macho. Alfa-2 ikiguswa, fundo hilo linanyamaza. Usingizi unaopatikana uko karibu na ule wa usiku kuliko wa propofoli: mgonjwa ukimgusa begani anafungua macho, anajibu, kisha anarudi kulala.

Alfa-2 zipo pia kwenye uti wa mgongo, hivyo dawa moja inasinzisha na kupunguza maumivu, bila kugusa pumzi sana. Panya waliobadilishwa jeni ya aina ndogo ya alfa-2A walipoteza yote mawili kwa pamoja. Gharama yake ni mapigo ya moyo kwenda polepole na presha kushuka. Deksmedetomidini iliidhinishwa Marekani mwaka 1999, na bei yake bado inaifanya kuwa adimu katika hospitali nyingi za umma huku kwetu. Zailazini isitumiwe kwa binadamu hata kidogo.

Gesi za usingizi zina kipokezi gani?

Hazina kimoja. Kwa muda mrefu iliaminika hazina hata kimoja. Hans Meyer mwaka 1899 na Ernest Overton mwaka 1901 walikuta kwamba kadiri dawa inavyoyeyuka kwenye mafuta ya zeituni ndivyo inavyolaza kwa nguvu, wakahitimisha kwamba inafanya kazi kwenye mafuta ya utando wa seli. Wazo hilo lilitawala karibu karne nzima. Mwaka 1984 Nicholas Franks na William Lieb wa London walichukua kimeng'enya kinachompa kimulimuli mwanga wake, wakakiweka kwenye maji pasipo mafuta yoyote, na dawa za usingizi zikakizima kwa vipimo vilevile vinavyomlaza mnyama. Kumbe protini zinatosha.

Leo tunajua haloteni, isoflureni na sevoflureni huongeza nguvu ya GABA, huongeza nguvu ya glaisini, kemikali nyingine ya kutuliza, kwenye uti wa mgongo, na hufungua matundu ya potasiamu yanayoituliza seli. Panya waliokosa tundu moja la potasiamu liitwalo TREK-1 walihitaji gesi zaidi ili walale. Kwa maumivu, hata hivyo, gesi hizi ni dhaifu; isoflureni kwa kiasi kidogo sana iliwafanya panya wahisi maumivu upesi zaidi.

Gesi ya kuchekesha, yaani oksidi ya nitrasi, ni kinyume chake. Inaigusa GABA kidogo tu. Inazuia NMDA, na pia inaufanya ubongo wa kati umwage opioidi zake, ndipo noradrenalini ya njia zinazoshuka ikapunguza maumivu. Kwa hiyo inaua maumivu vizuri lakini kulaza haiwezi: kwa shinikizo la kawaida la hewa hata gesi tupu isiyo na oksijeni isingetosha kumfanya mtu wa wastani asijitikise kwa kisu. Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford, aliumbuka kwa ajili ya hilo huko Boston mwaka 1845, mgonjwa alipoguna aking'olewa jino mbele ya hadhira. Mwaka uliofuata William Morton akasimama katika hospitali moja ya mji huohuo na etha, yenye nguvu zaidi, na akaondoka na sifa.

Sindano ya mgongo wakati wa upasuaji wa uzazi inagusa vipokezi vya ubongo?

Hapana. Bupivakaini huziba matundu ya sodiamu kwenye neva, na ujumbe hauondoki kabisa kuelekea juu. Mama anabaki macho, anamsikia mtoto akilia. Mara nyingine mofini kidogo mno au fentanili huchanganywa humo, nayo hunasa kwenye myu za uti wa mgongo. Ndiyo inayompa mama nafuu kwa saa nyingi baada ya ganzi kuisha, na ndiyo inayomfanya ajikune pua.

Kuna dawa ya kumrudisha mtu akizidishiwa?

Inategemea kipokezi. Naloksoni inaibandua mofini kwenye myu, na mtu aliyekuwa hapumui vizuri huvuta pumzi ndani ya dakika chache. Lakini maumivu nayo hurudi kwa kishindo, na naloksoni huisha mapema kuliko mofini, kwa hiyo mgonjwa asiachwe bila uangalizi. Flumazenili inaondoa diazepamu na midazolamu. Kwa propofoli, tiopentali na ketamini hakuna. Unampumulisha mtu hadi dawa iondoke yenyewe.

Nakunywa pombe sana. Nimwambie mtaalamu wa usingizi?

Mwambie, na usipunguze idadi ya chupa kwa aibu. Pombe huongeza nguvu ya GABA na kuzuia NMDA, njia zilezile za dawa zake. Mnywaji wa kila siku, ubongo wake umejirekebisha: vipokezi vya GABA vimekuwa vizito kuitika na vya NMDA vimeongezeka. Huyu anaweza kuhitaji dawa zaidi. Akilazwa bila pombe, ubongo uliozoea kuvutwa chini unaruka juu. Kutetemeka, kuona mauzauza na degedege huja ndani ya siku mbili tatu, na watu wodini huweza kudhani ni madhara ya upasuaji. Aliyefika thieta akiwa amelewa ni kinyume: pombe na dawa zinajumlishana, tena ana chakula tumboni.

Miraa, au mirungi, haina uhusiano na GABA. Inamwaga dopamini na noradrenalini, moyo unakimbia na presha inapanda. Ukiongeza ketamini juu yake, presha inaweza kupaa. Bangi nayo itajwe, kwani watumiaji wa mara kwa mara wameonekana kuhitaji dawa zaidi za kuwasinzisha.

Umri nao una nafasi yake. Baada ya miaka 40 kiasi cha gesi kinachohitajika hupungua kama asilimia 6 kwa kila miaka kumi.

Piriton hunifanya nisinzie. Ni dawa ya usingizi?

Inaziba kipokezi cha histamini, H1, na histamini ni mojawapo ya kemikali zinazouweka ubongo macho. Haizuii maumivu wala haikutoshi kwa kushonwa hata kidole. Kahawa huenda upande wa pili: inaziba adenosini, kemikali inayorundikana ukikesha.

Mtu anaweza kuzinduka katikati ya upasuaji?

Ni nadra, lakini hutokea. Utafiti mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2014 ulikuta taarifa moja kwa takribani wagonjwa 19,000 waliopewa nusu kaputi. Kwa upasuaji wa uzazi chini ya nusu kaputi ilikuwa moja kwa takribani 670, kwani dawa hupunguzwa kwa kumhofia mtoto na mama.

Hatari iko zaidi pale panapotumika dawa za kulegeza misuli, mfano suksamethoniamu. Hizo hukaa kwenye vipokezi vya asetilikolini vya misuli na haziingii kwenye ubongo. Hazilazi, hazipunguzi maumivu. Aliyepewa hizo bila dawa ya kutosha ya kulaza hawezi kuinua hata kope kukwambia kwamba yuko macho.

Mwanangu mchanga atafanyiwa upasuaji. Dawa hizi zitamharibu ubongo?

Wasiwasi huu una msingi. Wanyama wachanga waliopewa kwa saa nyingi dawa zinazoongeza GABA au kuzuia NMDA walipoteza seli za neva zaidi ya kawaida. Kwenye ubongo unaokua, GABA bado haijageuka kuwa ya kutuliza kikamilifu. Kloridi imejaa ndani ya seli, na tundu likifunguka seli inachangamka.

Kwa binadamu habari ni za kutia moyo. Utafiti wa GAS, uliohusisha watoto wachanga 722 katika nchi saba na kutoa matokeo mwaka 2019, ulilinganisha nusu kaputi ya chini ya saa moja na ganzi ya mgongo. Walipopimwa wakiwa na miaka mitano hawakutofautiana kwa akili. Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2016 kuhusu usingizi unaozidi saa tatu, au wa mara kwa mara, kwa walio chini ya miaka mitatu. Kama upasuaji unaweza kungoja, uliza. Kama ni ngiri iliyonyongwa au utumbo uliojiziba, usingoje, na usiombe mtoto apunguziwe dawa ya maumivu: maumivu yasiyotibiwa nayo huacha alama kwenye ubongo mchanga.

Itapatikana dawa ya kuua maumivu makali isiyolaza wala kuzima pumzi?

Njia mojawapo ni kuacha ubongo pembeni. Mwezi Januari 2025 Marekani iliidhinisha suzetrijini, inayoziba tundu la sodiamu la aina ya Nav1.8 lililo kwenye neva za pembeni zinazobeba maumivu. Haigusi myu wala GABA, kwa hiyo haisinzishi na haina njia ya kuleta uraibu kama wa opioidi. Katika majaribio yaliyofuata upasuaji ilishinda kidonge kisicho na dawa, ila haikuishinda hidrokodoni, ambayo ni opioidi, iliyochanganywa na paracetamol. Kwa mfupa uliovunjika leo usiku, chumba cha dharura bado kitafungua kabati la mofini na ketamini.